Ua la Mpakani

Mbalibali,
9 Septemba 2023

Mwanangu Vincent,

Nimefika salama. Dada Philomena nimemkuta kitandani, nyonga imefungwa lakini mdomo haujafungwa. Tangu niingie ananiagiza kama mfanyakazi wa wiki moja. Daktari amesema mpaka asimame bila kushikwa ni miezi mingi, kwa hiyo mimi ni wa huku hadi masika yapite. Juzi tembo walipita kwenye mahindi ya jirani, hawakuacha bua. Kwetu hawakugusa kitu. Msalimie mkeo Judith, na mbebe mjukuu wangu Evelina kwa niaba yangu.

Usinipigie simu. Unalijua sikio langu, ukipiga utakuwa umeupigia upepo. Andika. Rahima wa Morotonga, yule wa vitenge, huja soko la Nyamongo karibu kila mwezi. Mpe barua, akifika Mugumu atampa bodaboda wa huku. Itachelewa, lakini nitaisoma mara nyingi kadiri ninavyotaka.

Sasa shamba. Mihogo ya upande wa juu ni ya kula. Ya upande wa chini ni ya mbegu, usiiguse. Na lile ua la miiba kule mwisho wa shamba, lile ambalo masista walituambia linaitwa bogonvilia, hilo usiliguse kabisa. Si pambo. Ndio mpaka wangu na shemeji yangu Machage. Hatuna karatasi wala jiwe, tuna ua. Marehemu mume wangu Faustine na huyo mdogo wake walilipanda pamoja baada ya ugomvi wao, na toka siku hiyo hakuna aliyevuka. Faustine alipofariki wako waliosema mjane arudi kwao Tarime. Machage alisimama, akalionyesha ua kwa kidole, akasema shamba la shemeji linaanzia pale, na maneno yakaisha.

Kwa hiyo ukiliangalia usione maua. Ona mahali pangu pa kurudi.

Mimi shangazi yako,
Agustina


Nyakunguru,
1 Oktoba 2023

Shangazi shikamoo,

Barua yako Rahima aliileta imekunjwa ndani ya kitenge cha mteja, karibu aiuze. Sisi hatujambo. Evelina ametoa meno mawili na ameyajaribu kwenye kidole changu. Duara letu, lile shimo la kuchimbia dhahabu, limejaa maji, kwa hiyo siku hizi nashinda nyumbani nimeshika jembe. Najua utafurahi.

Habari kubwa ya hapa ni kwamba mgodi unataka kujiongeza upande wetu. Watu wanategesha usiku na mchana. Wanasimamisha vibanda vya mabati mahali ambapo hakuna mtu wa kulala, wanapanda chochote kinachoota, ili watathmini wakija wavihesabu walipe fidia. Yule jirani wa barabarani amepanda migomba imesongamana mpaka kuku hapiti. Rafiki yangu Nkwabi, Msukuma tuliyechimba naye, anajua sana mambo haya. Anasema muhogo hauna faida, lakini kichaka cha maua kinahesabiwa shina kwa shina kama mti.

Shangazi, nina swali dogo tu. Lile ua likikatwa matawi huwa linachipua? Nauliza kwa sababu limekuwa kubwa mno na miiba yake inatuchoma.

Shamba liko sawa. Usiwe na haraka ya kurudi.

Mwanao,
Vincent


Mbalibali,
22 Oktoba 2023

Vincent,

Marahaba. Huku mvua imeanza vizuri na dada ameanza kukaa kitako. Jana alidai ugali wa mtama, leo anasema niliusonga vibaya, kwa hiyo najua anapona.

Umeniuliza habari za ua, na habari za mihogo hukunipa hata moja. Nimeisoma barua yako mara tatu nikiutafuta muhogo, sikuuona.

Nakujibu. Likikatwa matawi linachipua, hata ukilikata lote. Kuling'oa ni kitu kingine. Lakini limekaa pale miaka ishirini na mitano na halijamchoma mtu aliyepita njia yake. Linamchoma anayeliendea.

Habari ya kutegesha nilikuwa naijua kabla hujatoka mjini. Nimeona watu wameacha kulima wakingoja kuhesabiwa, wakala mabati. Tamaa mbele, mauti nyuma. Huyo Nkwabi mwambie namsalimu, na akipata muda akapande vichaka kwa mama yake.

Niandikie mihogo ikoje.

Agustina


Nyakunguru,
26 Novemba 2023

Shangazi shikamoo,

Samahani kwa kuchelewa. Barabara imekatika mara mbili na Rahima hakuja. Mvua ya mwaka huu haina adabu. Evelina anatambaa sasa, anaingia uvunguni na kulia huko huko.

Shangazi, nimepanda maua machache shambani. Nilikata vijiti kwenye lile ua, kwa kuwa ulisema linachipua. Usihofu. Vimeshika vizuri, mvua imevisaidia.

Habari nyingine itakufurahisha. Wakati nachimba nilipata jembe la zamani ardhini, chuma tupu bila mpini, chuma cha siku hizo ambacho siku hizi hukipati. Nilimpelekea Dullah, yule fundi wa majembe pale sokoni. Alilipiga msasa, akalitia mpini wa mti mgumu, na sasa linakata udongo kama mkate. Majembe yangu yote mawili nimeyaweka kando. Dullah mwenyewe alitaka kulinunua, nikakataa.

Mzee Machage alipita juzi nikiwa nalima nalo pale karibu na kwake. Nilimwamkia. Hakuitikia. Alisimama akaliangalia jembe, kisha akageuka akaondoka bila kuaga. Siku zote huwa anakaa, anataniana na Judith, anaomba maji. Labda ana jambo nyumbani kwake.

Mihogo haijambo.

Vincent

Shangazi, mimi nilimkataza. Mihogo haipo. Judith.


Mbalibali,
10 Desemba 2023

Vincent,

Hatujambo.

Jembe hilo lina kona moja iliyokatika? Upande wa kulia ukilishika? Nijibu hilo kwanza kabla ya kitu kingine chochote.

Usililimie tena. Liweke ndani, nyuma ya mtungi, mtu asilione.

Agustina


Nyakunguru,
14 Januari 2024

Shangazi shikamoo,

Kona imekatika, ndiyo. Upande wa kulia. Sijui umejuaje. Nimeliweka nyuma ya mtungi kama ulivyosema, siligusi.

Sasa nakuandikia yote, maana mficha uchi hazai, na Judith hanipikii kwa furaha mpaka niandike.

Niliing'oa mihogo yote, ya juu na ya chini. Nikakata ua lile hadi shina, nikapata vijiti mia nne na sitini. Nikavipanda kwa mistari shamba zima. Shina nalo lilikuwa linapindisha mstari, nikaling'oa. Chini yake ndipo nilipolikuta jembe. Shimo nikalifukia nikapanda juu yake, na mistari sikuishia hapo. Niliingia kwa Mzee Machage, hatua kama kumi hivi au zaidi, nikidhani watathmini wakishahesabu nitamgawia.

Watathmini walikuja kabla ya Krismasi. Walikuwa na picha za angani za mwezi wa nane, kwenye picha kuna mihogo tu. Kilichopandwa baada ya hapo hawakukitazama. Halafu mstari wao wenyewe ukaishia ng'ambo ya barabara. Huku kwetu hawachukui hata udongo. Nkwabi amehama, anasema amepata dili Geita.

Maua yote yameshika, Shangazi. Hata ambayo nilitaka yafe yameshika. Yamenifika kiunoni na yanafanana kama mapacha. Nimezunguka siku tatu nikitafuta mahali pa lile shina, sikupaona. Mvua imesawazisha kila kitu.

Mzee Machage alikuja mara moja baada ya Mwaka Mpya. Hakugomba. Alisimama kwenye ukingo akasema hivi, nayaandika kama alivyoyasema: "Mpaka wetu ulikuwa ua moja. Sasa maua ni mia nne. Nionyeshe letu ni lipi." Akaongeza: "Mwandikie shangazi yako. Mwulize kama ni yeye aliyekutuma." Kisha akaenda. Toka siku hiyo ng'ombe wake anawapitisha njia ya mbali. Wanawe wamekuja mara mbili na kamba ya kupimia, wanazungumza wao kwa wao.

Nilitaka nikurudishie shamba pamoja na nyumba ya bati jipya. Hilo ndilo nililokuwa nalitaka. Sasa sijui kama nitakurudishia hata shamba.

Nisamehe.

Vincent


Mbalibali,
3 Machi 2024

Vincent,

Nimekaa na barua yako wiki nyingi. Rahima alikuja nikamrudisha mikono mitupu. Safari hii nampa hii, kwa sababu Ramadhani ikianza hatasafiri mpaka Idi. Dada sasa anatembea na fimbo hadi jikoni kuniambia ninavyokosea.

Kuhusu mihogo sitasema kitu. Maji yakimwagika hayazoleki.

Nitakuambia habari ambayo niliahidi kutoisema. Watu wanne tuliijua. Wawili wamekufa, mama mkwe wangu na Faustine. Ukiisoma, ichome barua hii, na Judith umwambie tu yale anayohitaji.

Mwaka 1998 baba yao alipofariki, Faustine na Machage waligombea lile shamba. Siku moja asubuhi walikutana pale pale, wote wawili na majembe. Machage alimpiga kaka yake. Pigo la kwanza lilishuka begani. La pili lilikosa, likagonga jiwe, ndipo kona ya jembe ikakatika. Lingempata, ningekuwa mjane nikiwa na miaka thelathini na minane. Mimi niliona kwa macho yangu, nilikuwa naleta uji.

Mama yao hakuita wazee wala mtu wa serikali. Alisema wanangu hawatahesabiwa kuwa watu wa namna hiyo. Aliwangoja mpaka bega likapona, akawaambia watoe mpini wa lile jembe wauchome motoni. Chuma wakakizika pale penye lile jiwe, wao wawili kwa mikono yao, na juu yake wakapanda ua nililokuwa nimepewa na masista. Mama mwenyewe ndiye aliyelichagua. Alisema lina miiba, hakuna atakayetamani kuchimba. Tukaapa kwamba watoto hawatajua. Wanawe Machage hawajui hadi leo. Wanamjua baba mpole, na ni mpole kweli.

Sasa fikiri yeye alichokiona. Mimi sipo. Ua halipo. Na mtu wa upande wangu analima mbele ya nyumba yake na chuma kile kile, kimesafishwa, kimetiwa mpini mpya. Unadhani alisoma nini pale? Alisoma kwamba nimekutuma umfufulie aibu yake ili nimnyang'anye ardhi. Ndiyo maana alikuambia uniulize kama nilikutuma. Hakuwa anauliza habari za maua.

Fanya hivi. Toa mpini, uchome. Chuma kitie kwenye gunia. Nenda asubuhi, wanawe wakiwa malishoni. Usikae mpaka akukaribishe. Mwambie: Shangazi hakunituma, nilikichimbua kwa ujinga wangu. Basi. Usiongeze neno, na mpaka usiutaje kabisa.

Najua utauliza kama sina namna ya kujua ua lilikuwa wapi. Ninayo. Nina kipimo changu kichwani na hakijapotea. Sikupi. Ukienda na kipimo changu mkononi, na lile jembe mkononi, utakuwa umekwenda kumtisha, na hapo atakuwa amesema kweli kwamba nimekutuma. Mpaka wa mtu mmoja si mpaka.

Naogopa, Vincent. Nina miaka sitini na minne na sina shamba jingine. Wanawe wana kamba, yeye ana sababu ya kukasirika, na mimi ni mjane niliye mbali. Akisema ua lilikuwa jikoni kwangu, nani atambishia? Lakini nenda vile vile nilivyokuambia.

Agustina


Nyakunguru,
28 Aprili 2024

Shangazi shikamoo,

Barua yako ilinifika kabla ya Ramadhani, na niliichoma siku ile ile. Rahima amerudi jana baada ya Idi, amenona, anasema soko lilikuwa zuri.

Nilikwenda kesho yake tu. Mpini nilikuwa nimeshauchoma. Nilimkuta anakamua ng'ombe. Nikasimama na gunia langu mpaka alipomaliza. Hakunikaribisha kiti. Nikasema yale maneno, nikaweka gunia chini, nikanyamaza. Shangazi, kunyamaza ni kazi kuliko duara.

Alifungua akaangalia, akafunga. Akaniuliza, "Amekuambia?" Nikasema, ameniambia. Akasema, "Yote?" Nikasema, nadhani yote. Akafukuza nzi kwenye maziwa. Kisha akauliza, "Lile bega lilimsumbua mpaka mwisho?" Nikasema sijui, enzi zake nilikuwa bado mjini. Akasema hilo atakuuliza mwenyewe.

Ndipo akachukua gunia, akaniambia nimfuate. Aliingia katikati ya maua yangu bila kujali miiba, suruali ikawa inachanika. Alikwenda, akasimama, akatazama nyumba yako, akatazama yake. Akarudi nyuma kidogo kuelekea kwake. Akasimama tena. Akasema, "Hapa. Chimba." Nilipotaka kuleta jembe akasema kwa mikono, kama zamani. Tulichimba wote. Kucha zangu bado ni nyeusi. Chuma tukakizika, na juu yake tukahamishia shina moja lililokuwa kubwa kuliko yote.

Wanawe walirudi na ng'ombe wakatukuta tunashindilia udongo. Mkubwa wao akauliza, baba umejuaje kuwa ni hapo? Akamjibu, "Nililipanda mimi. Wewe ulikuwa wapi?" Kamba yao wameanza kufungia ndama.

Maua mengine tumeyang'oa wiki tatu hizi. Sitini ameyachukua yeye kuzungushia boma lake, anasema mwizi wa ng'ombe aje ajaribu. Rahima amebeba kumi kupeleka Morotonga, na Dullah ameomba mawili ya mlangoni pake. Vijiti vya mihogo amenipa Mzee Machage mwenyewe, nimepanda kote, juu na chini.

Mimi na Judith tumekubaliana tuje huko kumwangalia Shangazi Philomena, ili wewe urudi uone mwenyewe.

Mwanao,
Vincent


Nyakunguru,
16 Juni 2024

Mwanangu Vincent,

Natumaini dada anakusumbua vya kutosha. Akikuambia ugali umeusonga vibaya, ujue amekupokea. Judith namshukuru kwa kuiacha nyumba safi. Evelina asiende mtoni.

Mihogo nimeiona. Mistari umeinyoosha safari hii kwa kitu cha kuliwa, Mungu akubariki. Mvua imekatika na ua limeanza kuchanua, zambarau ile ile. Bado dogo, lakini nimelijua.

Machage alikuja siku ya pili. Aliomba maji kama zamani. Aliniuliza lile swali la bega, nami nikamjibu kweli, kwamba Faustine alibebea kuni bega la kushoto maisha yake yote, na kwamba mimi nilikuwa mkewe na sikuwahi kumsikia akilitaja jina la mdogo wake kwa ubaya. Alilia, Vincent. Mtu mzima yule. Nilimwacha alie nikaenda kuongeza kuni jikoni. Hatukusema tena jambo hilo.

Sasa nikuambie kile kipimo nilichokunyima. Toka nilipoolewa mpaka nilipoondoka, kila jioni nilikwenda hadi pale mwisho kuangalia kama mbuzi wameingia. Kabla ya ua nilikwenda hadi kwenye lile jiwe, baada yake nilikwenda hadi kwenye ua. Kutoka kizingiti cha mlango wa nyuma hadi kwenye ua ni hatua sitini na mbili. Naweza kuzihesabu nikiwa usingizini.

Jana jioni nilizihesabu. Ni sitini na sita.

Nikasema uzee huo, miguu imekuwa mifupi. Nikarudi nikahesabu kutoka mlangoni hadi jikoni, ambako zamani ni hatua tisa. Zikawa tisa. Nikaenda tena hadi kwenye ua. Sitini na sita. Lile jiwe la 1998 nimelikuta kwenye majani, liko upande wangu, hatua nne nyuma ya ua.

Yeye alikuwepo, anafunga ndama. Alikuwa ananiangalia ninavyohesabu. Sikumwuliza. Alinyanyua mkono tu, nikanyanyua wangu.

Hizo hatua nne za kwake sijazilima wala sitazilima. Nimeziacha ziote majani, na ng'ombe wake wakipita hapo siwafukuzi.

Shangazi yako,
Agustina